Kwa Jina la Nani

Mutinda mwanangu,

Mambo ya soksi, blanketi na dawa ya mbu nimemwachia susu, bibi yako mzaa baba, ambaye tangu wiki ianze anakupigia simu kana kwamba unahamia juu ya mlima wa barafu. Mimi nina maneno mengine, na nimeshindwa kuyasema kwa mdomo. Siku hizi kila tukianza kuzungumza tunamaliza kwa kugombana. Mtu amefundisha Kiswahili maisha yake yote, halafu hawezi kuongea na mwanawe bila kupiga meza! Basi naandika. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako vyeusi. Uisome kabla hujavivaa, kwa sababu ndani yake kuna jambo la kufanya asubuhi, kabla baba yako mdogo Kioko hajapiga honi langoni.

Jioni tulikula muthokoi, redio ikisema peke yake. Ukaweka kijiko chini, ukaniita mwaitu, kwa Kikamba, vile ulivyokuwa ukiniita ulipougua malaria, wala si mum kama siku zote. Ukasema, "Mwaitu, kesho kabla sijatoka, nibariki."

Nami nikakujibu, "Kwa jina la nani?"

Nililisema vibaya. Nilijua ni vibaya likiwa bado kwenye ulimi. Ulichukua sahani yako na yangu, ukaziosha polepole sana, ukazipanga, ukaingia chumbani. Nimekaa hapa tangu hapo nikisikiliza kitanda chako kikilia. Hujalala. Na mimi sijui kama kesho utanipa nafasi nyingine.

Wewe unakwenda seminari kusomea upadri, na mimi mama yako siamini kwamba Mungu yuko. Si siri. Mtaa mzima wa hapa Kitui unajua, mpaka Mama Zuhura jirani, ambaye kila Ramadhani huniletea sambusa na kuniambia ananiombea, nami humwambia asante kwa sambusa. Tumeishi hivyo bila kuumizana. Wewe ulikuwa ukienda kanisani na watoto wa wenzangu, mimi nikibaki na gazeti langu. Nilidhani utachoka. Kumbe aliyekuwa akichoka ni mimi.

Turudi kwenye siku ile tulipogombana tukinywa chai. Nilikuambia sitakuja kanisani Jumapili ya kukuaga, kwa sababu mzazi huitwa mbele, huweka mkono kichwani pa mwanawe na kurudia maneno ya padri, na mimi sisemi mbele ya watu maneno nisiyoyaamini. Ukaniangalia kwa yale macho ya baba yako.

"Mum, si hiyo yako pia ni dini?"

"Dini gani? Mimi sina dini."

"Uko nayo. Si wewe ulikuwa unafundisha watu dini ni nini? Mtu ako na kitu anashikilia, kuna vitu hawezi fanya juu ya hicho kitu, na ako tayari kuumia juu yake. Si hiyo ni wewe kabisa?"

"Mtu asiye na mbuzi hatumwiti mfugaji wa zizi tupu," nikakuambia, nikajiona nimemaliza mjadala.

Hukungoja hata kidogo. "Zizi uko nayo, mum. Na unaifagia kila siku."

Hapo ndipo nilipopiga meza, chai ikaruka ikamwagikia shati lako jeupe. Nimelifua mara nyingi tangu siku ile na doa bado lipo, karibu na kifungo cha tatu. Nilikasirika kwa sababu ulinitania, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu lile neno la zizi lilikuwa zuri na halikuwa langu.

Jumapili nikabaki nyumbani nikifua mapazia yasiyokuwa machafu. Sikujua kilichotokea kanisani mpaka Mama Zuhura aliponiita juu ya ua. Kwenye mtaa huu habari haina dini, huingia kila nyumba.

"Mama Mutinda, kijana wako ameagwa na baba yake mdogo. Yule wa Makindu. Amesimama naye pale mbele, mkono kichwani, hata machozi yamemtoka."

"Umejuaje wewe?"

"Zuhura kanionyesha kwenye simu. Wallahi, mwanamume mzima analia."

Nikaitazama ile video, nikarudi ndani, nikakaa juu ya yale mapazia mabichi. Kati ya wanadamu wote wenye mikono, Kioko!

Unaijua habari ya Kioko kama nilivyokusimulia. Naomba uisikie tena, kwa sababu sikukusimulia yote.

Kwanza jambo ambalo watu hunisingizia. Hupenda kusema nilimkasirikia Mungu kwa sababu ya kifo cha baba yako. Hilo wanalielewa, na linawapa nafasi ya kunihurumia. Si kweli. Niliacha kuamini baba yako akiwa mzima, anacheka, analima. Nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na Jumapili moja katikati ya wimbo nikagundua kwamba ninachongoja ni sisi kuingia vizuri baada ya sauti ya kwanza, basi. Nikajichunguza, nikatafuta yule niliyekuwa nikimwimbia, nikakuta pakavu. Hakukuwa na kilio wala radi. Nilimwambia baba yako usiku huo, akacheka mpaka akakohoa. "Kavata, amini au usiamini, lakini tafadhali usiwaambie wale mama wa kwaya. Watahamia hapa na magodoro." Nikanyamaza. Kazi yangu ilikuwa kufundisha Kiswahili na Dini, masomo mawili ambayo kwetu huenda pamoja kama chai na mkate, na nilifundisha Dini vizuri. Wanafunzi wangu walipita. Sikuona kama nawadanganya. Nilijiona kama mtu anayewaelekeza wageni nyumba ambayo yeye amehama.

Baba yako akafa, wewe ukiwa na miaka sita. Matanga hayajapoa, Kioko akasema kile kipande cha shamba cha chini, karibu na mto wa mchanga, chenye michungwa na kisima, ni chake. Kwamba kaka yake alimpa kwa mdomo akiwa kitandani hospitalini. Wazee wa ukoo wakaitwa. Tuliketi uani kwa susu yako, kule nyuma ya Makindu, mimi peke yangu upande mmoja na wewe ukilala juu ya mapaja yangu.

Mzee Nzioka ndiye aliyeongoza kikao, mtu wa mzaha. "Hii maneno ni rahisi," akasema. "Nyinyi wote ni watu wa kanisa. Kila mtu ashike Biblia, aseme, twende tukule."

Kioko akashika Biblia, akasema alivyosema. Ikaja zamu yangu.

"Mimi nitasema ukweli bila kushika kitu," nikasema.

"Bila kushika nini, mwalimu?"

"Bila kushika kitu chochote. Hata kortini mtu anakubaliwa kuahidi kwa mdomo wake."

"Hapa si korti. Mdomo hata mbuzi iko nayo." Watu wakacheka. "Si ni wewe unafundisha watoto hii Biblia?"

Nikajibu kwamba naifundisha, siiamini. Kicheko kikakatika. Susu yako akajifunika uso kwa leso. Mimi ambaye baba yako alitaka nisiwaambie wanakwaya sasa nilikuwa nimewaambia ukoo mzima kwa pigo moja. Mzee Nzioka akainama mbele, mzaha umemtoka.

"Basi kama Biblia si yako, kuna kithitu."

Wewe umekulia mjini, kithitu unakisikia kama hadithi. Sisi hatukitaji ovyo. Ni kiapo cha Wakamba cha tangu zamani, huapiwa mbali na boma, na anayeapa uongo haangamii peke yake. Huondoka na nyumba yake, mmoja baada ya mwingine. Nacho nilikikataa. Wazee wakashauriana kidogo tu, wakasema asiyekubali Biblia wala kithitu ana kitu anaficha, kipande kikaenda kwa Kioko. Habari ikafika shuleni kabla yangu. Muhula uliofuata nilikuta jina langu kwenye vipindi vya Kiswahili pekee, na hakuna aliyeniambia sababu.

Siku ile tuliondoka na begi moja tu. Tulipofika Makindu ulikuwa ukilia njaa, nikakupeleka kwenye hekalu la Makalasinga, ambapo kila msafiri hulishwa. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akatuonyesha mahali pa kuvua viatu, akakufunga kitambaa kichwani, nami nikajitanda leso bila hata kufikiri. Ulikula chapati na dengu mpaka ukapata usingizi mdomo ukiwa umejaa. Uliniuliza, "Mum, hawa wanaomba nani?" nikakuambia kula. Ni baadaye, tukiwa tayari hapa Kitui, nilipojishangaa. Asubuhi nimepoteza shamba kwa kukataa kugusa kitabu, mchana nimefunika kichwa katika nyumba ya Mungu wa watu wengine, na sikuhisi nimesaliti chochote. Mwanangu alikuwa na njaa, wakasema funika, nikafunika.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo sikukusimulia, na mkono wangu si mwepesi.

Miaka yote nimekupa habari ya kikao kile kama habari ya ushujaa. Mama yako, mwanamke mmoja mbele ya wazee, amekataa kuapa kwa asichokiamini. Ulipokuwa mdogo uliipenda, ulikuwa ukiniomba niirudie. Na kwa Biblia ni kweli, nilikataa kwa sababu ya msimamo. Kwa kithitu si kweli. Kithitu nilikikataa kwa woga.

Nilitetemeka, Mutinda. Ulikuwa juu ya mapaja yangu, nikahofia utaamka kwa vile yalivyokuwa yakicheza. Utaniambia mwenye ukweli hana kesi na kithitu. Akili yangu nayo ilisema hivyo, tena ikasema kithitu ni kitu tu, hakina masikio. Lakini nikawaza, je, kama baba yako kweli alimwambia Kioko neno, siku ile nilipotoka hospitalini kwenda kukuchukua shuleni? Sikuwa pale. Je, ninayoyaita ukweli ni yale tu niliyoyajua mimi? Na mtoto ninaye mmoja. Kichwa changu hakikuamini hata chembe. Magoti ndiyo yaliyoamini.

Na tangu siku ile nimemwita Kioko mwizi ndani ya nyumba hii kwa uhakika ambao sikuwa nao. Huenda alidanganya akiwa ameshika Biblia. Huenda alisema kweli. Sijui. Nimekulea ukimchukia mtu kwa jambo nisilolijua, na wewe, sijui ulitoa wapi moyo huo, ukamwendea mwenyewe, ukamwomba asimame mahali pangu nilipokataa kusimama. Nilipoona ile video nilitaka kusema ameniibia tena. Lakini safari hii mimi ndiye niliyeacha mahali wazi. Hilo limeniuma kuliko michungwa.

Lipo lingine, dogo, na ndilo linalonitia aibu zaidi. Ulipokuwa darasa la pili susu yako alikuvisha rozari ya bluu. Ukaamka siku moja haipo, ukaitafuta chini ya kitanda, ukaitafuta uani na tochi, ukalia. Nikakuambia imepotea. Haikupotea. Niliivua shingoni mwako ukiwa umelala, nikaitia ndani ya kopo la vifungo. Mimi niliyepoteza shamba nikitetea mdomo unaosema kweli bila kushika kitu, nilimwangalia mtoto machoni nikamdanganya, kwa sababu ya shanga! Wakati huo niliona nakulinda. Sasa iko kwenye mfuko wa kando wa begi lako, imefungwa kwenye kitambaa. Mnyororo umeshika kutu kidogo.

Kwa hiyo nimelifikiria neno lako la zizi. Bado nasema si dini, na usifurahi mapema. Dini ina mahali pa kupeleka kilio. Baba yako alipokufa, susu alikuwa na Jumapili yake, na wimbo wake, na watu wa kumshika mkono na kumwambia watakutana tena. Mimi nilikuwa na jikoni na sufuria. Hakuna aliyekuja kunifundisha namna ya kuzika mtu bila kumtarajia tena. Nilijifunza peke yangu, na vibaya. Anayesema hiyo nayo ni dini hajakaa ndani yake usiku. Lakini kwamba nimelifagia zizi langu kila siku, kwamba nimesimama mlangoni na fimbo nisije nikaingiliwa hata na rozari ya mtoto, hapo umenipata. Hakuna mbuzi aliyekuwa akiniomba nimlinde. Nilikuwa nalinda kulinda kwenyewe.

Huko uendako utakutana na mtu anayesoma misa na ndani yake pamekauka. Usimfichue, na usimkimbie. Mpe chai. Mimi nimekuwa mtu huyo mbele ya darasa, najua anavyochoka. Na kama siku moja ni wewe, rudi nyumbani. Sitasema nilikuambia. Na kama siku hiyo haitafika kamwe, rudi vilevile, utanikuta na gazeti langu. Ila wewe nawe usilifagie sana hilo lako mpaka watu waogope kupita karibu.

Ukiwa umefika hapa najua unachofikiri, kwamba basi kile ambacho mama hakuthubutu kukiweka hatarini kwa kiapo ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye dini yake. Ukithubutu kulisema nitakuchapa, seminari au si seminari.

Nilipoondoka kwetu kwenda chuo cha ualimu, babu yako Mulwa, baba yangu, alinisubiri mlangoni. Alikuwa mwashi, mikono yake imepasuka kwa saruji. Mimi wakati huo nilikuwa naamini sana, nimeshika Biblia mpya niliyozawadiwa, nikingoja aombe kama wazazi wa wenzangu walivyoomba. Hakuomba. Aliniambia niweke vitu chini. Akanishika viganja, akavitemea mate kidogo, kama wazee wetu walivyobariki, halafu akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayefunga kitu kisimwagike. Akasema, "Ni mimi Mulwa. Nenda." Basi. Niliona haya. Nilijipangusa kwenye sketi nikiwa njiani. Sasa hivi ningetoa kile kipande chote cha mtoni ili niwe sikujipangusa.

Kesho Kioko ataingia uani kwangu, mara ya kwanza tangu kikao kile. Gari lake litakuwa na vumbi la barabara ya Kibwezi na atakuwa hajanywa kitu. Nitampa chai. Sijui kama nitaweza kumwangalia, na sijui atakalosema. Lakini nitafanya hili mbele yake, sitalifanya jikoni kwa kujificha.

Vaa lile shati lenye doa. Begi uliache kando ya mlango, na rozari ibaki ndani yake, na simu, na Biblia yako pia, si kwa ubaya. Njoo bila kushika kitu. Unyooshe viganja. Ukitaka kujipangusa baadaye, ngoja mkishapita kona nisione.

Uliniomba baraka, nikakuuliza kwa jina la nani. Lilikuwa swali langu, na jibu lake ni langu pia. Kesho nitataja jina moja tu, ndilo ninaloandika hapa chini.

Kavata wa Mulwa, aliyekuzaa